Antivairasi inang'ang'ania dnsapi.dll ni trojani. Nilifute au linasingiziwa?

#1 Chipu_Moto
Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa haraka hapa. Tangu jana antivairasi yangu (ya kulipia, jina naliacha) inanitolea tahadhari nyekundu kila nikiwasha kompyuta, inadai dnsapi.dll ni trojani. Jina la kirusi lenyewe ni yale ya jumla jumla, lina "Patched" katikati na "Gen" mwishoni. Faili lipo ndani ya folda ya Windows. Inanipa vitufe vitatu: futa, weka karantini, puuza. Sijagusa hata kimoja mpaka sasa. Mashine ni Windows 10 ya 64-biti, inafanya kazi vizuri tu, na sijaweka kitu kipya zaidi ya apdeti za kawaida na kaprogramu kamoja ka kubadilisha video. Je, nimeingiliwa kweli au faili la watu linasingiziwa? Na nikilifuta itakuwaje?

#2 Mkia_wa_Panya
Usifute! Narudia, USIFUTE. dnsapi.dll ndo inayotumiwa na karibu kila programu kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, ukiitoa hapo kivinjari kinakufa, apdeti zinakufa, na hiyo antivairasi yenyewe itashindwa kwenda kuchukua definisheni mpya (orodha ya alama inazotumia kutambua virusi) za kurekebisha kosa lake kama ni kosa. Utabaki na kompyuta isiyoweza kuomba msaada.

#3 Nukta_Nane
Bonyeza puuza maisha yaendelee mkuu. Antivairasi za siku hizi zinaona majini kila kona. Mi nimeiweka System32 yote (folda ya mafaili ya mfumo wa Windows) kwenye orodha ya kutoskaniwa na nalala usingizi mzuri.

#4 Mama_Seva
#3 hapana ndugu yangu, hilo usimfundishe mtu. System32 ndiko watengeneza virusi wanakopenda kujificha kwa sababu mtu akiona jina la Microsoft anapita tu. Ukiitoa yote kwenye skani basi hiyo antivairasi inakulindia nini hasa?

Chipu_Moto, tulia kwanza. Kabla ya kitufe chochote fanya hivi. Fungua PowerShell uandike Get-AuthenticodeSignature ikifuatiwa na njia ya faili, uone kama saini ni Valid na aliyesaini ni nani. Halafu certutil -hashfile na njia hiyohiyo na neno SHA256 mwishoni, upate heshi, yaani alama ya kipekee ya faili hilo. Hiyo heshi itafute VirusTotal (tovuti inayoonyesha injini za antivairasi nyingi zinasemaje kuhusu faili), huna haja ya kupakia faili zima. Na uangalie definisheni zako zimeapdetiwa lini, kama tahadhari imeanza saa chache baada ya apdeti hiyo nayo ni ishara. Lete majibu hapa.

#5 Bwana_Backup
Haya mambo yametokea kwa wakubwa sana jamani, tusimtishe kijana. 2007 Symantec walitoa definisheni iliyoona netapi32.dll na lsasrv.dll za Windows XP ya Kichina ni kirusi, mashine zikagoma kuwaka. 2008 AVG wakaipiga user32.dll kwenye XP. McAfee nao 2011 wakaikamata svchost.exe yenyewe, kompyuta za maofisi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Kwa hiyo mi naiona hii ni definisheni mbovu tu, subiri apdeti.

#6 Karani_wa_Data
Bwana_Backup umenena vizuri ila mwaka nakusahihisha, ya McAfee ilikuwa tarehe 21 Aprili 2010, faili la definisheni namba 5958, na waliopigwa ni wa XP SP3. Iliiona svchost.exe kama W32/Wecorl.a. Kilichouma zaidi ni kwamba mashine zilipoteza mtandao, kwa hiyo ile definisheni ya kusahihisha haikuweza kusambazwa kutoka kwenye seva, mafundi wakapita mashine moja moja. Ndo hoja ya #2 hiyo.

#7 Nukta_Nane
Na ile ya CrowdStrike 2024 mmeisahau? Ilifuta mafaili ya Windows mpaka viwanja vya ndege vikasimama. Halafu mnaniambia niziamini hizi programu.

#8 Karani_wa_Data
Hapana, hiyo usiichanganye na hizi. CrowdStrike ya 19 Julai 2024 haikufuta faili lolote la Windows wala haikusingizia kitu. Walisambaza faili lao wenyewe lenye kasoro, lile la C-00000291, draiva yao ikalisoma vibaya, na kwa kuwa draiva inaendeshwa ndani kabisa ya kerneli (kiini cha mfumo), Windows ikaanguka na skrini ya buluu. Microsoft walikadiria vifaa milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kulifuta hilo faili, na wenye BitLocker wakahangaika kutafuta namba zao za kufungulia diski. Ni balaa la apdeti, sikatai, ila ni ugonjwa mwingine.

#9 Chipu_Moto
Asanteni nyote. Mama_Seva nimefanya. Saini ya C:\Windows\System32\dnsapi.dll imejibu Valid, aliyesaini ni Microsoft Windows. Heshi nimeipeleka VirusTotal, faili linajulikana na hakuna injini hata moja iliyolipiga nyekundu. Nikafurahi, nikaristati nione kama imetulia, tahadhari ikarudi ileile.

#10 Mkia_wa_Panya
Sasa nani kakutuma uristati? Siku nyingine kukiwa na utata wa faili la mfumo mashine iache iwake vilevile mpaka ujue. Panda Machi 2015 definisheni yao iliwageuka wakaanza kukamata mpaka mafaili yao wenyewe, na kampuni ikawatangazia watu wasiristati maana faili likishaondolewa ukiwa umewasha unaweza bado kuendelea kwa sababu limeshapakiwa kwenye RAM, ukizima ndo hesabu inafungwa. Bahati yako hukubonyeza karantini.

#11 Dada_Router
Mi naomba niwe upande wa pili kidogo maana naona wote mmeshahukumu kwamba antivairasi ndo yenye kosa. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani antivairasi ilianza kupiga kelele kwenye mafaili mengi ya .exe, hata kikokotoo, hata notipadi. Kila mtu akasema haiwezekani mafaili yote hayo yawe na virusi, hii imechanganyikiwa, yakawekwa kwenye orodha ya kuruhusiwa. Kumbe ilikuwa Sality. Ile inajibandika ndani ya programu halali moja baada ya nyingine, inazima antivairasi, na inahamia kwenye flashi. Mpaka tunakuja kugundua flashi za ofisi nzima zilikuwa zimebeba. Tulifomati mashine zote na baadhi ya programu hatukuwa na nakala zake safi. Kwa hiyo "ni faili la mfumo" siyo ushahidi kwamba ni safi. Virusi vya aina hiyo kazi yao ni kuingia kwenye mafaili safi.

Na kuhusu dnsapi.dll hasa, kuna adware (programu za kulazimisha matangazo) zilizokuwa zinaibadilisha kidogo tu. Ndani ya hiyo dll kuna maandishi yanayoelekeza faili la hosts (orodha ya majina ya tovuti na anwani zake) lilipo, drivers\etc\hosts, wao wanageuza herufi ili isome hosts yao nyingine. Ukifungua hosts ya kawaida unaikuta safi kabisa huku unapelekwa kwenye tovuti za matangazo. Ndo maana hilo neno "Patched" kwenye jina la kirusi linanitia wasiwasi.

#12 Bwana_Backup
Dada_Router nakusikia, lakini saini ingevunjika. Ukigeuza herufi moja tu heshi inabadilika na PowerShell haiwezi kusema Valid. Yeye kapata Valid.

#13 Biti_Iliyopotea
Naomba kuuliza Chipu_Moto, hiyo njia ya faili umeisoma yote kwenye dirisha la tahadhari au umedhania? Maana uliandika "ndani ya folda ya Windows" halafu ukaenda kupima ya System32.

#14 Chipu_Moto
Dirisha lao ni dogo, linaonyesha C:\Windows\S...\dnsapi.dll, katikati kuna nukta tatu. Ngoja nivute safu niipanue.

…

Aisee. Ni C:\Windows\SysWOW64\dnsapi.dll.

#15 Biti_Iliyopotea
Ndo nilichokuwa nakihisi. Windows ya 64-biti ina nakala mbili za dll nyingi. System32 inabeba za 64-biti na SysWOW64 inabeba za 32-biti, najua majina yanapotosha lakini ndivyo yalivyo. Heshi zao ni tofauti kabisa. Wewe umempima ndugu yake, mshtakiwa bado yuko huru. Na kuna mtego mwingine, ukitumia programu ya 32-biti kuangalia System32, Windows inakugeuzia kimyakimya inakupeleka SysWOW64 bila kukuambia. Kwa hiyo hata antivairasi na wewe mnaweza mkawa mnasema jina moja huku mnaangalia vitu viwili.

Rudia vipimo vya Mama_Seva kwenye SysWOW64.

#16 Nukta_Nane
Hii nilikuwa siijui mkuu, nimejifunza. Ila bado nasema puuza 😂

#17 Mama_Seva
Kazi nzuri Biti. Na Nukta_Nane wewe tutakutafuta siku moja tukuskanie hiyo System32 yako.

Niongeze kitu kuhusu saini maana kuna watu wanabofya faili kulia, Properties, hawaoni kichupo cha Digital Signatures wanaanza kulia. Mafaili mengi ya Windows hayana saini ndani yake, saini yake ipo kwenye katalogi pembeni. Properties haiwezi kukuonyesha hiyo. PowerShell ya Windows 10 inaiona, na sigcheck ya Sysinternals pia.

#18 Kebo_Ndefu
Hamieni Linux wakuu, haya hamtayaona.

#19 Karani_wa_Data
Kebo_Ndefu, ClamAV inakaa hukohuko Linux na yenyewe husingizia mafaili vilevile. Tubaki kwenye tatizo la mwenzetu.

#20 Usiku_Mkubwa
Swali kwa mleta mada bila kukuudhi, hiyo Windows ni halali? Maana watu wengi wanaokuja na hizi kesi ukichimba unakuta kuna kiamilishi cha bure kiliwekwa, kimegusa mafaili ya mfumo, halafu antivairasi ikisema tunaita ni kusingizia. Hapo haijasingizia, kweli kuna kitu kimebadilishwa, ni vile tu mwenye mashine alikitaka.

#21 Chipu_Moto
Usiku_Mkubwa ni halali, imekuja na mashine.

Majibu: nimepima SysWOW64 asubuhi hii, saini Valid. VirusTotal injini mbili zimelipiga, zingine zote safi. Ila mjue mazingira yamebadilika, maana jana usiku kabla ya kusoma post ya Biti nilikuwa nimeshaanzisha sfc /scannow (amri ya Windows ya kukagua mafaili ya mfumo), ikaniambia imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyarekebisha. Na definisheni mpya zimeingia zenyewe usiku huohuo. Leo tahadhari haijatokea.

#22 Mkia_wa_Panya
Sasa hapo tutajuaje? Kama lilikuwa limeguswa sfc imeshaweka safi, kama lilikuwa safi definisheni imesahihishwa. Mambo mawili usiku mmoja!

#23 Bwana_Backup
Mi nashikilia langu. Definisheni mbovu, wamesahihisha, basi. Injini mbili VirusTotal siyo kitu, na zenyewe huenda ni sauti moja, kampuni nyingi zinakodisha injini ya mwenzao na kubandika jina lao juu, injini ya Bitdefender kwa mfano iko ndani ya bidhaa kadhaa za watu wengine. Ukiona wawili wanasema kitu kilekile kwa jina lilelile la kirusi mhesabu kama mmoja.

#24 Dada_Router
Na mi nashikilia langu. sfc haisemi "nimerekebisha" bila sababu. Kuna faili lilikuwa haliendani na nakala ya WinSxS, ghala la Windows la nakala za mafaili yake. Lete CBS.log, kumbukumbu ya ilichofanya sfc, ipo C:\Windows\Logs\CBS, chuja mistari yenye [SR].

#25 Karani_wa_Data
Dada hapo naomba tuwe waangalifu, hata sfc huwa inasingizia. Julai 2019 baada ya apdeti ya Defender sfc ilikuwa inasema mafaili ya moduli ya PowerShell ya Defender yameharibika, watu wakahangaika, Microsoft wenyewe wakakiri kwamba mafaili ni mazima na sfc ndo iliyokosea. Log ndo itasema, tusikisie.

Kingine, kwa faida ya wengine, kwenye Windows 10 na 11 ukitaka kurekebisha anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth halafu ndo sfc. sfc inachukua nakala kutoka kwenye ghala la WinSxS, kama ghala lenyewe limeoza itakurudishia kilichooza.

#26 Chipu_Moto
Nimechuja. Kuna mistari ya kurekebisha ila jina dnsapi silioni, naona faili la mipangilio ya printa tu. Lakini log inaanza katikati ya usiku, ya mwanzo haipo.

#27 Dada_Router
Ikijaa Windows inaibana inaiweka kando kwa jina la CbsPersist na tarehe, angalia folda hiyohiyo.

#28 Biti_Iliyopotea
Wakati anatafuta hiyo, kuna swali halijaulizwa. Kwenye kumbukumbu za antivairasi kwa kawaida kuna sehemu inasema kitu kimekamatwa wapi, kwenye diski au kwenye RAM, na ni prosesi ipi iliyokuwa imekipakia. Chipu tuandikie neno kwa neno.

#29 Chipu_Moto
CbsPersist nimeifungua, dnsapi haimo. Na kwenye antivairasi nimebofya tukio lenyewe: aina, kumbukumbu. Prosesi ni ya kile kiprogramu cha video, ile sehemu yake inayojiwasha na kompyuta. Sehemu ya heshi ipo tupu.

#30 Biti_Iliyopotea
Sasa picha inageuka. Kiprogramu hicho bila shaka ni cha 32-biti, ndo maana kilipakia dll ya SysWOW64. Kwenye diski faili likawa safi na saini yake Valid, lakini likishapakiwa ndani ya ile prosesi kuna kitu kiliandika juu ya mwanzo wa fankisheni zake ili kuingilia maombi ya DNS. Antivairasi ikalinganisha ya RAM na ya diski ikaona hazifanani, ikaandika "Patched". Haijadanganya, ila imetaja jina la dll wakati iliyotakiwa kutajwa ni prosesi.

#31 Bwana_Backup
Na nani aliandika? Inaweza ikawa antivairasi yenyewe. Programu nyingi za ulinzi zinaingilia dll hivyohivyo ili kuchunguza. Ukiwa na mbili kwenye mashine moja zinaanza kushtakiana.

#32 Usiku_Mkubwa
Au kiprogramu chenyewe kinazuia seva yake ya leseni isifikiwe. Chipu ulikipakua kwa mwenyewe au ulikiokota?

#33 Chipu_Moto
Nilikipata kwenye tovuti ya kupakulia programu, siyo ya mtengenezaji. Ulinzi ninao mmoja tu, ila kivinjari kina kiongezo cha kuzuia matangazo.

#34 Mama_Seva
Kiongezo hakifiki huko. Hiyo tovuti ya kupakulia ndo inanipa mashaka zaidi ya vyote tulivyosema, maana mara nyingi hufunga programu pamoja na vitu vyake. Kiondoe kiprogramu, piga skani nyingine ya nje ya Windows, Defender anayo ya Offline inayowaka kabla ya mfumo kuamka. Na hata kama tahadhari imepotea watumie ripoti watengeneza antivairasi, wana fomu ya kusahihisha. Kama walikosea wajue, na kama hawakukosea watakuambia walichokiona.

#35 Bwana_Backup
Akiondoa kiprogramu hatutajua tena kama ilikuwa definisheni. Kiwashe kwanza mara moja na definisheni mpya tuone.

#36 Mama_Seva
Kwenye mashine yake ya kazi? Hapana. Kama unataka jibu kiweke kwenye yako ya majaribio.

#37 Bwana_Backup
Sawa, Chipu nitumie jina lake inbox, nitakijaribu kwenye mashine pepe.

#38 Chipu_Moto
Nimekutumia. Nimeshakiondoa huku, skani ya Offline ndo inaendelea, ripoti nimetuma. Shukrani sana wakuu.

#39 Panya_Buku
Samahani kuingilia uzi, yangu inafanana. Defender inaniambia hosts yangu ni SettingsModifier:Win32/HostsFileHijack. Nimeifungua kwa notipadi, mistari yote niliiandika mwenyewe kuzuia seva za Microsoft zinazokusanya taarifa. Nayo ni kusingiziwa?

#40 Karani_wa_Data
Panya_Buku, tangu katikati ya 2020 Defender inaikamata hosts yoyote inayozuia seva hizo, hajali aliyeandika ni wewe au kirusi. Ukikubali isafishe inarudisha hosts ya mwanzo na mistari yako yote inaondoka, kwa hiyo tunza nakala. Ukiiruhusu ujue pia kwamba kirusi cha kweli kikija kuigusa hosts hiyohiyo huenda usiambiwe. Fungua uzi wako mkuu, weka na mistari yenyewe tuione.